Hesabu ya Bamvua

Anayetaka kuhesabu ndege wa pwani ya Lamu haanzi na ndege, anaanza na mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukitimia, bamvua huingia. Maji yakipwa, bahari hukimbia mbali hata mashua zikalala ubavu juu ya matope. Yakijaa, hupanda karibu mita tatu na kuyafunika mafungu ya mchanga karibu yote. Kwenye pwani hii bamvua hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne au tano. Ndege waliotawanyika asubuhi nzima matopeni, kila mmoja na riziki yake, ikifika alasiri hawana pa kutia mguu isipokuwa ncha mbili tatu za mchanga na matawi ya mikoko. Bahari ndiyo inayowakusanya. Kazi ya mhesabu ni kufika kabla yao, akae, angoje.

Siku za maji mafu hazifai. Maji hupanda kidogo tu, matope mengi hubaki wazi, na ndege hawaoni sababu ya kukaribiana. Mtu anaweza kuzunguka kutwa kutoka Shela hadi mkondo wa Mkanda akarudi na tarakimu zisizomsaidia mtu. Kwa hiyo siku ya kazi huchaguliwa na watu wawili, mwenye darubini na nahodha, na mara nyingi neno la nahodha ndilo lipitalo. Nimemsikia mmoja akimtuliza kijana aliyekuwa na haraka ya kushuka chomboni: «Wata mai yapande kwanda.» Kijana akajibu, «Haya, Ami,» akaketi.

Lamu ni mahali pa mafundi. Matondoni wanaunda mashua kwa kipimo cha jicho, mjini wapo wachongaji wa milango, Siyu ina watu wa ngozi. Hao wote wana cha kuonyesha mwisho wa siku, na mgeni huwapiga picha. Ufundi ninaousifu hapa hauachi kitu cha kushikwa mkononi. Unaacha karatasi yenye safu za tarakimu zilizoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino ukipata maji ya chumvi hutawanyika. Wanaoufanya ni wachache: wengine hutoka Nairobi, kwenye kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa, wengine ni askari wa hifadhi, wengine ni vijana wa visiwani waliokua wakivua kaa na baadaye wakashikishwa darubini. Hawa wa mwisho ndio ninaopenda zaidi kukaa nao, kwa kuwa matope wanayajua kwa miguu.

Ndege huanza kushuka Agosti, kusi ikiwa bado na nguvu. Hawangoji upepo ugeuke kama majahazi ya Sur, kule Oman, yalivyongoja kaskazi ili yaje huku. Demani wanaongezeka, tanga mbili fukwe zinajaa, na kaskazi ikikamata mnamo Desemba wao tayari ni wenyeji. Wengi ni vitwitwi wa aina nyingi, wadogo, wenye rangi ya mchanga, na hapo ndipo mtu wa kawaida anapokata tamaa. Wametoka mbali kwa namna isiyolingana na ukubwa wao. Calidris ferruginea, kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, huzaliwa kwenye nyika baridi za Siberia ya kaskazini, hasa rasi ya Taimyr, na uzito wake ni kiasi cha gramu 60. Yule mwenye mdomo uliopinda juu, Xenus cinereus, hutoka misitu ya Urusi na kando ya mito yake. Wanaokimbia mbele ya wimbi na kurudi nyuma yake pale Shela, bila kulowa, wametoka ufukwe wa bahari ya barafu. Baadhi yao hawakomi Lamu: wanalisha siku kadhaa, wanatia mafuta mwilini, kisha wanashuka hadi Afrika Kusini.

Sasa tazama mhesabu akichagua pa kukaa, maana nusu ya ustadi iko hapo. Alasiri jua liko magharibi. Akikaa mashariki ya kundi, kila ndege atakuwa kivuli, na vivuli vya vitwitwi havina majina. Upepo nao una amri yake: ndege akipumzika huuelekea upepo ili manyoya yasifunuke. Wakati wa kusi, basi, kundi zima linatazama upande wa kusini. Anayekaa kusini yao ataona vifua vitupu, anayekaa kaskazini ataona migongo. Magharibi ndiko kwenye heri zote mbili: jua liko mgongoni kwake, na ndege wanaonekana ubavu, na mdomo wote, na miguu yote. Kaskazi ikiingia hesabu hiyohiyo hufanywa upya, upepo ukiwa umegeuka. Sijamsikia mtu akiieleza kanuni hii kwa maneno. Nimewaona tu wakishuka chomboni, wakitazama bendera ya mashua, na kwenda moja kwa moja mahali pamoja, bila kuulizana.

Halafu kuna umbali. Kundi lililopumzika lina dalili zake za wasiwasi, nazo huja kwa mpangilio. Kwanza waliolala na mdomo mgongoni wanauchomoa mdomo. Kisha shingo zinarefuka. Kisha wanaanza kutembea, polepole, wote upande mmoja, kama hawana jambo. Fundi husimama kwenye shingo. Anayesonga mbele hadi kwenye kutembea amechelewa, kwa sababu mmoja akiruka wote wataruka, na hesabu imekwisha. Lakini si hesabu tu. Ndege hawa huishi kwa saa za maji: wanakula maji yakitoka, wanapumzika yakijaa, mchana na usiku bila kujali jua. Mwenye gramu 60 anayerushwa hewani mara tatu wakati wa kupumzika analipa kwa mafuta aliyoyatafuta asubuhi. Mhesabu mzuri huondoka na kundi likiwa limelala vilevile alivyolikuta, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ustadi wake, kabla hata ya kuuliza amepata wangapi.

Hesabu hufanywa kwa makumi. Jicho hujifunza ukubwa wa kumi jinsi lilivyojifunza kusoma neno bila kutaja herufi: ndege kumi waliobanana, kumi waliotawanyika, kumi nusu wakiwa nyuma ya wenzao. Makumi hupangwa hadi mia, na kila mia kidole gumba kinabonyeza kidude cha kuhesabia. Huanza kushoto, huenda kulia, na njiani kuna alama: kigogo, ncha ya mwamba, mkoko mmoja uliotengana na wenzake. Kwanza wakubwa, kisha wadogo, kisha wote kwa jumla ili kuona kama hesabu mbili zinakubaliana. Jicho la binadamu lina tabia moja inayojulikana na wote wanaofanya kazi hii popote duniani: likiona kundi kubwa hupunguza. Watu huliona kundi la elfu mbili wakasema elfu na mia tatu. Kwa hiyo wanaofundishwa hupewa picha za makundi, wanakadiria, kisha wanahesabu nukta moja baada ya moja na kuona walivyopotea. Baada ya muda mrefu wa kuaibika kwa namna hiyo jicho hunyooka.

Yote hayo hata mtu makini asiye na kipaji anaweza kuyapata. Kinachofuata ndicho kinachonishangaza. Kundi la vitwitwi lenye aina tano au sita limesimama mbali, joto la mchanga linatetemesha hewa, rangi zote zimefifia, na mhesabu anazitenganisha aina moja moja. Namna gani? Kwa mwendo. Katika vichochoro vya Lamu usiku, ambamo wanawake hupita wamejifunika buibui, mtu humjua shangazi yake kwa hatua kabla hajamsikia sauti, na vitwitwi hutambuliwa vivyo hivyo. Yule wa kijivu mwenye macho makubwa husimama kimya, hukimbia hatua tatu nne, husimama tena, kisha hudonoa. Anatafuta chakula kwa macho, na kutembea kungemharibia. Mwenye mdomo uliopinda juu hana utulivu huo: huinamisha kichwa na kukimbiza kaa wadogo huku na huku mpaka unamwonea haya. Wa Siberia, yule wa gramu 60, huchoma tope haraka haraka, mara nyingi ndani ya maji yanayomfika tumboni, kichwa hakiinuki. Mwingine hupindua mawe na majani ya bahari kuona kilichojificha chini, na sululu, mwenye mdomo mrefu kuliko wote, huusukuma ndani ya tundu la kaa hadi karibu na macho. Kila mdomo una kina chake na kila mwendo una riziki yake. Ndiyo maana wanaweza kula pamoja kwenye tope moja bila ugomvi mkubwa.

Lakini wamelala, utasema, mwendo uko wapi? Ndiyo maana mhesabu hufika mapema. Anawatambua wakila ukingoni, maji yakiwasukuma kumkaribia, anawafuata kwa jicho mpaka wasimame, na wakilala anajua nani kalala wapi. Saa mbili anazokaa bila kuandika kitu ndizo anazofanyia kazi yenyewe. Mpita njia angedhani anapunga upepo.

Septemba na Oktoba kuna jambo la ziada ambalo huwafanya waliobobea wabadilishe lenzi na kusogea kidogo. Wale wa Siberia hawasafiri na watoto wao. Madume huondoka kwanza, tangu Julai, majike hufuata, na vifaranga hubaki nyuma kwenye nyika mpaka mbawa zikomae, kisha hupanda hewani peke yao na kuja Afrika wasiyowahi kuiona, bila mzee wa kuwaongoza. Waliotangulia hufika Lamu wamechakaa, vifuani bado wana mabaki ya rangi nyekundu ya harusi, na mbawa zao zina mapengo mahali manyoya ya zamani yalipodondoka. Watoto huja baadaye wakiwa safi kabisa, kila unyoya wa mgongo una ukingo mweupe, mgongo mzima kama magamba. Kwa darubini nzuri na mwanga mzuri mtu anaweza kuwahesabu wazima mbali na watoto mbali.

Na uwiano huo unasema habari za mbali. Huko Taimyr huishi panya wadogo wa baridi waitwao lemingi, ambao huongezeka sana miaka fulani na kutoweka karibu kabisa miaka mingine. Lemingi wakiwa wengi, mbweha wa barafu na ndege walao nyama hushiba panya na kuwaacha vifaranga wa vitwitwi. Lemingi wakiisha, mbweha hugeukia mayai na vifaranga, na mwaka huo watoto wanaofika Afrika ni wachache sana. Kwa hiyo mtu aliyeketi kwenye mchanga wa kisiwa cha Manda mwezi wa Oktoba, akitazama migongo ya ndege, anaweza kusema kama panya walikuwa wengi au wachache kwenye ncha ya kaskazini ya Urusi miezi mitatu iliyopita. Sijui kazi nyingine ya mikono mitupu iwezayo hivyo. Na anayeifanya hajawahi kuvaa koti zito maishani mwake.

Kama ningelazimishwa kuchagua ndege mmoja wa kuipa Lamu, singechagua huyo wa Siberia hata hivyo. Ningechagua mla kaa, Dromas ardeola. Ni mkubwa, mweupe pepe, mgongo na ncha za mbawa vyeusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene uliochongoka, ambao hauhitaji maelezo ukishamwona akimvunja kaa miguu mmoja mmoja kabla ya kummeza. Peke yake ndiye familia nzima ya ndege. Hana jamaa wa karibu duniani. Huzalia kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia, na huzalia kwa namna isiyofanywa na ndege mwingine wa pwani: huchimba shimo refu mchangani, hutaga yai moja jeupe ndani ya giza, na kuliachia joto la mchanga sehemu ya kazi ya kuatamia. Kifaranga hulishwa humo humo shimoni.

Msimu wa kuzaa ukiisha hutawanyika katika Bahari ya Hindi, na wengi hufuata njia ambayo watu wa Lamu wanaijua vizuri. Barr Al Hikman, pwani ya Oman, ndege wa matopeni wakati wa baridi hufika nusu milioni, na wala kaa wamo kwa maelfu. Wengine hushuka hadi kwetu, Lamu, delta ya Tana, Mida, Zanzibar, Madagaska. Mtoto huja na mzazi, tofauti kabisa na vitwitwi wa Siberia. Mnamo Novemba bado utamwona, kijivu kidogo kuliko wakubwa, akimfuata mzazi nyuma nyuma na kupiga mbinja za kuomba, mkubwa karibu sawa na yule anayemwomba. Wazazi wengine huvumilia. Wengine huruka wakahama upande wa pili wa mlango wa bahari, na mtoto akaruka nyuma yao. Nimecheka zaidi ya mara moja, na mhesabu akanitazama kwa jicho la kunikanya.

Huyu ni rahisi kumtambua na mgumu kumhesabu. Anapenda machweo na usiku. Hubadili mahali pa kupumzika. Na makundi mawili yanaweza kuungana wakati jicho lako liko kwenye daftari. Na ndiye ambaye tarakimu yake ina uzito mkubwa. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000. Chini ya Mkataba wa Ramsar, mahali panapohifadhi kwa kawaida asilimia 1 ya ndege wa maji wa aina moja panahesabika kuwa pa umuhimu wa kimataifa. Asilimia 1 ya wala kaa ni kama 600 hadi 800, kundi ambalo linaweza kusimama lote kwenye ncha moja ya mchanga wakati wa bamvua. Tuseme mhesabu mmoja amepata 590 na mwenzake 620. Katika kuhesabu samaki sokoni hiyo si tofauti ya kugombania. Hapa wanarudia, polepole, tangu kushoto.

Kazi ngumu kuliko zote iko mikokoni. Lamu ndiyo yenye mikoko mingi kuliko kaunti nyingine yoyote ya Kenya, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi, na si kila ndege anapenda mchanga. Sululu wadogo, wale wenye mdomo uliopinda juu, na wengine wa miguu ya kijani, maji yakijaa hupanda juu ya matawi na kupotea humo. Ukiingia kwa mtumbwi wataruka pande zote. Kwa hiyo wanaojua hawaingii. Wanatafuta mahali ambapo mkono wa bahari unaingia mwituni, wanafunga chombo ng'ambo, na kuhesabu wanaopita. Maji yakianza kupanda makundi huja kutoka matopeni chini chini juu ya maji, watano, thelathini, mmoja, kumi na wawili, na kila kundi huonekana kwa sekunde chache tu. Hapa hakuna kurudia. Mmoja hutazama na kutaja, mwingine huandika na saa: «Sululu saba. Kumi na moja. Mdomo-juu ishirini, hapana, ishirini na watatu.» Sauti haipandi wala haishuki. Anayetaja haondoi jicho kwenye darubini hata kukohoa. Nikiwatazama hao wawili huelewa kwa nini nahodha wetu, ambaye kwa kawaida hana subira na watu wa bara na vyombo vyao, huzima injini bila kuambiwa.

Nchini kwetu upo ufundi wa pili wa ndege wahamaji, nao una sifa zaidi. Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 watu hukutana mwisho wa mwaka, usiku wa ukungu, na kukamata kwa nyavu laini ndege wadogo wa nchi kavu wanaovutwa na taa, wakawavisha pete za chuma na kuwaachilia. Mida Creek nao vitwitwi huvishwa pete. Ni kazi nzuri, na bila pete tusingejua mengi ninayoyaandika hapa. Lakini ule ni ufundi wa mkono, ndege yuko kiganjani na mizani iko mezani. Huu wa Lamu haumgusi mtu wala ndege, na labda ndiyo sababu nimeuheshimu zaidi: fundi hana cha kushika ila umakini wake.

Wakati mwingine kazi yote huharibiwa na kozi. Hutokea kama mkwaruzo mbinguni, kundi zima linapaa, linakunjana na kufunuka juu ya maji, na kila mtu kwenye mchanga anaweka penseli chini. Hakuna wa kulaumiwa. Kundi litarudi au halitarudi. Nimegundua kwamba wahesabu wazuri wakati huo hawatazami kundi, wanamtazama kozi: ni yupi, anaelekea wapi, amepata au amekosa. Naye anaandikwa.

Mnamo mwisho wa Novemba huwapo kozi wa aina nyingine wasio na madhara kwa vitwitwi, nao wanastahili mtu ainue uso kutoka matopeni. Ni kozi wa Amur, Falco amurensis, wadogo, wala wadudu, wanaozaliwa kaskazini mashariki ya China na nchi za jirani. Hupita Nagaland, kaskazini mashariki ya India, ambako mwaka 2012 iligunduliwa kwamba watu walikuwa wakiwanasa kwa nyavu kwa maelfu, na ambako mwaka uliofuata vijiji vilivyokuwa vikiwanasa vilikuwa vimegeuka walinzi wao. Kutoka India huvuka Bahari ya Hindi moja kwa moja, wakisukumwa na kaskazi inayoanza, na kuifikia Afrika Mashariki pamoja na vuli. Wadadisi wa mambo wameona kwamba kereng'ende aitwaye Pantala flavescens huvuka bahari hiyohiyo majira hayohayo, na huenda kozi hula njiani. Wengi hupita juu sana, jioni. Mhesabu wa fukweni hana safu yao kwenye karatasi yake. Huwaandika pembeni, kwa hati ndogo.

Mwezi wa Januari ndio wa hesabu kubwa. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji ilianza 1967, na Afrika iliingia na mpango wake mwaka 1991. Kenya hushiriki kupitia Makumbusho ya Taifa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Nature Kenya. Karatasi za Lamu huungana na za Naivasha, za Nakuru, za delta ya Tana, ambayo tangu 2012 ni eneo la Ramsar. Funguvisiwa la Lamu halimo katika orodha hiyo, ingawa kaskazini yake kuna hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, ambako buabua huzalia kwenye visiwa vidogo vya miamba wakati wa kusi.

Lamu si ile ya zamani, na sidhani yeyote aliyepita Manda Bay anahitaji kuambiwa. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, na kabla yake bahari ilichimbwa ili meli kubwa zipite. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mvuvi anaweza kusimama mbele ya hakimu akasema alikuwa akipata samaki wangapi. Kitwitwi anasemewa na karatasi, na karatasi ya mwaka mmoja haisemi kitu. Husema ikiwa na ya mwaka uliotangulia, na ya kabla yake, zote zimehesabiwa kwa maji yaleyale, mahali palepale, na watu wasiodanganya.

Oktoba 2024, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile lilimweka yule wa Siberia kwenye daraja la walio hatarini, pamoja na yule wa kijivu mwenye macho makubwa. Upungufu wao haukugunduliwa na mtu mmoja mwenye maono. Ulitokana na maelfu ya alasiri za namna hii, ufukwe baada ya ufukwe, kutoka Australia hadi Afrika. Na yupo sululu mmoja ambaye kwake alasiri hizo hazikutosha, yule mwenye mdomo mwembamba aliyekuwa akipita kaskazini ya Afrika. Alionekana kwa hakika mara ya mwisho Moroko, Februari 1995, na mwaka 2025 alitangazwa kuwa ametoweka duniani. Waliomtazama siku ile hawakujua kwamba hakuna mwingine nyuma yake.

Kwenye karatasi ya hesabu, chini kabisa, kuna mstari ambao wageni hawaupendi: vitwitwi wasiotambuliwa. Mtu mchanga kazini huona aibu kuujaza. Huwagawa wale wa mwisho, hawa huku, hawa kule, kwa kukisia, karatasi ikapendeza. Mwanamke mmoja mtulivu ambaye nimemtazama akifanya kazi hii hana aibu hiyo. Jua lilikuwa limeshuka, kundi dogo lilikuja likitokea upande wa Mkanda, likatua nyuma ya wengine, likalala papo hapo bila kuonyesha mdomo wala mguu. Aliwatazama kwa muda mrefu. Kijana aliyekuwa akiandika akamwambia kwamba kwa vyovyote ni wa Siberia, wengine wote pale ni wa Siberia.

«Umeona mdomo?»

«Sikuona, Dada.»

«Basi waandike chini.»

Akahesabu tena, akataja idadi, kijana akaiandika kwenye mstari wa chini. Nahodha alikuwa ameshavuta nanga. Maji yalikuwa yameanza kutoka, na kina cha Mkanda hakimngoji mtu.